Alhamisi za Koo

Kabla sijawapa ushauri wowote nyinyi vijana mnaoanza kazi ya hospitali, ni vizuri mjue kwamba niliwahi kumwita mwanamume mzima mama, mbele ya benchi lililojaa watu, nikiwa na miaka minne kazini na bila kisingizio chochote.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, katikati ya miaka ya tisini. Alhamisi ilikuwa siku ya wagonjwa wa koo. Nilikuwa nimeinamia kadi, maana kazi yangu ilikuwa kuita majina, na nilijiona mtu mkubwa sana kwa kazi hiyo. Nikaita, "Kipkirui!" Sauti nyembamba ikajibu hapo karibu, "Niko hapa." Sikuinua kichwa. Nikasema, "Mama, mwambie Kipkirui aje mwenyewe. Koo haliangaliwi likiwa limebaki nyumbani."

Benchi lote likacheka. Nikainua kichwa. Mbele yangu alisimama kijana wa miaka ishirini na mbili, ana masharubu, ana mabega, na alikuwa mrefu hivi kwamba mlango wetu ulimlazimisha kuinama. Akatoa kadi yake mkononi mwangu taratibu, akaenda zake.

Daktari Moraa akatoka kuuliza kicheko ni cha nini. Nikamweleza. Hakunipigia kelele, watu wanaofanya kazi ya koo hawapigi kelele ovyo, wanajua kinachofuata. Alisema tu, "Koske, huyo umemfukuza wewe. Wewe ndiye utamrudisha."

Ili muelewe adhabu hiyo ilikuwa nzito kiasi gani, lazima niwaambie niliingiaje kazini. Niliomba kazi katika hospitali hiyo, huku upande wa Bomet, kwa sababu moja: ilikuwa karibu na nyumbani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hamu kubwa ya kula chakula cha mchana kwangu. Mimi si mtu wa kutembea. Silibwet kwangu ilikuwa safari, na Sotik ilikuwa ng'ambo. Waliniweka chumba cha masikio, pua na koo kwa sababu hakuna aliyekitaka, na mimi nilikitaka kwa sababu dirisha lake lilitazama barabara ya kwetu.

Mwenye chumba alikuwa Daktari Moraa. Kwa vyeti alikuwa klinikal ofisa, lakini sisi sote tulimwita Daktari, na hakuna aliyewahi kurudi akalalamika. Alitoka upande wa Kisii, mwembamba, na alikuwa na mazoea ya kumaliza sentensi na kuondoka kabla hujajibu. Siku ya kwanza alinipa kioo. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, kimekaa mshazari kwenye mpini mrefu, kama kijiko ambacho aliyekitengeneza alisahau kukichimba. Hicho ndicho kinaingia mdomoni mpaka nyuma kabisa, na daktari akimulika kwa taa anaona ndani yake nyuzi za sauti, chini kule kwenye koo, zikifunguka na kufungana.

Kwa kuwa asubuhi za kwetu ni za baridi, kioo kikiingia mdomoni kinashika ukungu mara moja na unachoona ni mawingu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukipasha moto juu ya taa ya spiriti. Baada ya hapo, na hili nyinyi vijana mliandike mahali, unakigusisha kwanza nyuma ya mkono wako mwenyewe. Siku ya kwanza nilikigusisha, nikaruka. Daktari Moraa akasema, "Hapo umejifunza. Mgonjwa angeruka hivyo na kioo kikiwa ndani." Alama bado ninayo. Wajukuu wangu huniuliza kama ni vita. Siwakatalii.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kushika ulimi. Unauzungushia kitambaa cha shashi, unauvuta mbele polepole, na unamwambia mwenyewe apumue na aseme "eee". Nimeshika ndimi za watu wengi wanaoheshimiwa katika wilaya hii. Wengine mpaka leo tukikutana sokoni wanatazama kando.

Daktari alinifundisha sauti kama mtu anavyofundishwa kukamua, kidogo kidogo na kazi ikiendelea. Mtoto mchanga, alisema, nyuzi zake ni fupi kabisa na sanduku lake la sauti limekaa juu shingoni. Ndiyo sababu kilio chake kinapasua ukuta. Anavyokua, sanduku linashuka na nyuzi zinarefuka. Wasichana wakifika umri wao sauti inashuka kidogo tu, hata hawatambui. Wavulana ndio wenye mambo. Kati ya miaka kumi na miwili na kumi na sita hivi, sanduku linakua haraka, linachomoza mbele likawa kikoromeo, nyuzi zinakuwa ndefu na nene, na mwenyewe hajazoea kuziendesha. Basi kwa miezi kadhaa anaanza sentensi akiwa baba na kuimaliza akiwa dada yake. Baadaye inatulia. Uzeeni nyuzi zinakonda tena, na babu anaanza kuongea kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Mimi nilibisha. Kwetu Wakipsigis, vijana huingia kwenye tohara karibu na umri huohuo, wakakaa ndani mbali na macho ya akina mama, na wakitoka wametoka na sauti nzito. Nilikuwa nimekua nikijua kwamba sauti hupewa huko ndani, pamoja na mafundisho mengine. Nikamwambia Daktari hivyo, na kwa kujiamini.

Akasema, "Kwetu vijana wanaingia wakiwa wadogo, Koske. Wanatoka wanaume, na bado wanaongea kama ndama. Sauti inafuata umri. Haifuati kisu." Kisha akaondoka. Nilikaa na hilo neno kama wiki mbili.

Miaka hiyo minne niliona wengi. Kulikuwa na nyapara mmoja wa shamba kubwa la chai, mtu wa kupigia wachumaji kelele kutoka bonde moja hadi lingine, ambaye nyuzi zake zilikuwa zimeota vinundu viwili vinavyotazamana, kama sugu za mkono wa jembe. Daktari alimwambia anyamaze wiki mbili, anywe maji mengi, na asinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo. Akanunua firimbi. Wachumaji walikuja wenyewe hospitalini kuuliza kama kuna dawa ya kumrudishia sauti upesi.

Na kulikuwa na mzee mmoja mvutaji tumbaku aliyekaa na sauti iliyokwaruza kutoka Krismasi mpaka mavuno, akiamini ni mafua. Daktari alitazama kwenye kioo mara moja tu, akakitoa, akaniambia nizime taa. Tuliandika barua ya kumpeleka Nairobi. Hakurudi. Kwa hiyo hili si la kucheka: mtu sauti ikimkauka zaidi ya wiki tatu, na hasa akiwa anavuta, aangaliwe koo. Msimpe asali na kumwambia avumilie.

Sasa nirudi kwa Kipkirui, ambaye nilikuwa nimemfukuza.

Nilimtafuta Jumamosi. Niliambiwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kila hatua niliipiga nikimfikiria Daktari Moraa. Nilimkuta kwenye idara ya kunyausha majani. Kama hamjaingia humo, ni vitanda virefu vya wavu vilivyojaa majani mabichi, na chini yake mafeni makubwa yanayovuma mchana kutwa. Hakuna anayeongea humo, kwa sababu hakuna anayesikia. Watu wanaonyeshana vidole. Baadaye ndipo nilipokuja kujua alikuwa ameiomba idara hiyo mwenyewe. Walimpa ofisi ya kupokea majani, akaikataa.

Nilijaribu kuomba msamaha kwa mdomo, lakini feni ikaubeba. Nikatoa kadi tupu mfukoni, nikaandika: "Mimi ni mjinga. Daktari anasema urudi." Akaisoma. Akaitazama muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Kisha akachukua kalamu yangu akaandika chini: "Koito ni Desemba. Wataniambia niseme mbele ya watu."

Wale wa mbali wajue kwamba koito ni ile siku watu wa kijana wanaenda kwa watu wa msichana, wanaketi, wanaulizana koo zao, wanakubaliana. Zamani kijana alikaa kimya na wazee wakamsemea. Siku hizo tunazozungumzia, wazee walikuwa wameanza tabia ya kumsimamisha mwenyewe aseme yeye ni nani na amefuata nini. Msichana alikuwa Chelangat, wa Boito. Na mbele ya wajomba zake, na shangazi, na majirani wote waliokuja kunywa chai, Kipkirui angefungua mdomo na kutoa ile sauti niliyoiita mama.

Nikaandika: "Alhamisi. Uje mapema, kabla ya benchi." Akatikisa kichwa kukubali.

Alikuja. Nilipasha kioo, nikakijaribu mkononi, nikashika ulimi wake kwa heshima ambayo sijampa mtu mwingine. Daktari akatazama. Akasema, "Njoo uone, Koske." Nikaona nyuzi mbili ndefu, nyeupe, nzima kabisa. Nyuzi za mwanamume.

"Hana ugonjwa," Daktari akasema. "Gari lina gia zote. Dereva amekwama kwenye gia ya kwanza."

Alimweleza vizuri. Wakati sauti yake ilipotaka kubadilika, yeye aliendelea kuishika ile ya utotoni, akivuta sanduku juu na kukaza misuli, mpaka misuli ikadhani ndiyo kazi yake. Kipkirui akasema, kwa ile sauti, kwamba wenzake walitoka tohara wakiongea kama wazee naye akatoka vilevile, na watu walisema kuna kitu hakikufanywa sawasawa huko ndani. Mama yake alikuwa ameomba mpaka kuchoka. Kwaya ya kanisa ndiyo pekee iliyofurahi. Walimsimamisha nyuma ya akina mama, akaimba sauti ya kwanza akiwa ameficha kichwa.

"Kohoa," Daktari akamwambia.

Akakohoa. Kikohozi kilitoka kizito, cha mwanamume kabisa.

"Hiyo ndiyo sauti yako. Umekuwa ukiitumia kwa mafua tu. Kohoa tena, na mwisho wa kikohozi usikate, vuta 'aaa'." Akamwekea kidole kwenye kikoromeo, akakisukuma ndani na chini kidogo tu. Mara ya nne ikatoka "aaa" moja nene iliyofanya hata makarani wa chumba cha pili wanyamaze. Kipkirui akafunga mdomo kwa mkono, kama mtu aliyetusi mbele ya mchungaji.

Daktari alikuwa na foleni ya masikio. Akaniachia. Kila Alhamisi kabla ya saa mbili, mimi na Kipkirui tulikaa kwenye chumba cha kuhifadhia dawa tukikohoa. Tulitoka kwenye kikohozi tukaenda "mmm", kutoka "mmm" tukaenda "mama", "maziwa", "majani", kisha kuhesabu, kisha kusoma. Kitabu hatukuwa nacho, kwa hiyo alisoma bango la ukutani. Nafikiri hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kutangaza "Usiteme mate sakafuni" kwa uzito namna ile. Mimi nilijizoeza nyumbani ili nimfundishe vizuri. Mke wangu alinikuta jikoni nimejisukuma koo kwa kidole nikisema "aaa", akaniuliza kama ni mfupa umeniziba au ni akili.

Kupata sauti hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kutoka nayo mlangoni. Ndani ya chumba cha dawa alikuwa baba wa watu. Akifika kwenye geti la hospitali ameshairudia ile nyembamba. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Ile nyingine ni kama nimevaa koti ya mtu. Naogopa mwenyewe atakuja kuichukua."

Mwezi wa kumi nikamwambia ajaribu nyumbani, kwa neno moja. Akifika, asimame nje ya jiko amsalimu mama yake kwa sauti ile mpya, basi. Alhamisi iliyofuata alikuja ameinama kuliko mlango ulivyohitaji.

"Nilisema chamgei," akaniambia. "Akauliza, wewe ni nani? Nikasema, ni mimi, Kipkirui. Akasema Kipkirui hajatoka kazini, na akafunga mlango na komeo. Ilibidi nirudi kwa ile ya zamani ndio nipewe chakula."

Siku hiyo hakutaka kukohoa. Alikaa akitazama bango. Nilihesabu wiki zilizobaki mpaka Desemba, na mara hii hata sikuwa na mzaha wa kusema.

Mama yake akaja mwenyewe, Alhamisi nyingine, amejifunga leso, amebeba chupa ya maziwa ya mursik aliyoikumbatia kama mtu asiyejua bado kama ataitoa zawadi au atarudi nayo. Hakuketi.

"Nyinyi ndio mnafundisha mtoto wangu?"

Daktari akasema ndiyo, mama, keti.

"Sitaketi. Mmemfundisha kuongea kama marehemu baba yake." Akaikumbatia chupa zaidi. "Mwaka wa tisa sasa sijasikia hiyo sauti. Halafu naisikia nje ya jiko, saa kumi na mbili, ikisema chamgei. Nyinyi mngefungua?"

Hata Daktari Moraa, ambaye kawaida angekuwa ameshaondoka, alibaki amesimama. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ndani ya kichwa: ishirini na mbili, toa tisa. Baba alikufa Kipkirui akiwa na miaka kumi na mitatu, wakati uleule sauti yake ilipotaka kubadilika. Nikamtazama Daktari, naye alikuwa ameshafika hapo kabla yangu.

"Mama," akasema, "hatukumfundisha. Ilikuwa yake. Ameirithi kama alivyorithi urefu. Akikuita tena nayo, wewe itika tu. Akiitikiwa ataizoea."

Mama alifikiri. Mwisho akaweka ile chupa mezani. "Basi nitaitika," akasema. "Lakini mwambieni aanze kupiga hodi akiwa mbali, nijitayarishe."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Mama alimwitikia jikoni, ng'ambo ya mto, na shambani. Kwaya walilalamika kwamba hospitali imewaharibia sauti ya kwanza, na mwalimu wao hakunisalimu mpaka Pasaka.

Siku ya koito, mama aliamua lazima niende nao. Upande wa baba walikuwa wamebaki wazee wachache, akataka mtu wa kujaza kiti. Boito, jameni. Nilivaa koti la harusi yangu, tukapanda pikapu ya mtu wa kanisa, na kila kona niligeuka kutazama nyumbani.

Tuliketi kwenye nyasi. Waliulizana koo, wakakuta hakuna undugu, wakasifu mvua. Kisha mjomba wa Chelangat, mzee mfupi mwenye fimbo, akasema, "Sasa huyu kijana asimame atuambie yeye ni nani, na amepotea njia gani akafika hapa."

Kipkirui akasimama. Mdomo ukafunguka, hakuna kitu. Nilimwona anavyovuta shingo juu, na mimi najua maana yake. Nikakohoa. Niliwahi kukohoa mbele ya watu bila ugonjwa mara hiyo moja tu maishani. Kipkirui akanisikia, naye akakohoa, kwa nguvu.

"Mpeni maji," mjomba akasema.

"Mimi ni Kipkirui," akasema, na ikatoka ileile, nzito, ya marehemu. Mama yake akashika leso. "Sikupotea njia. Nimemfuata Chelangat." Na hapo kwenye jina la msichana, sauti ikaruka juu kabisa, ikaenda ilikotoka.

Kicheko kilitoka kwa akina shangazi kwanza. Nikatazama nyasi. Nilipoinua macho, Kipkirui alikuwa hajaketi. Aliweka kidole kwenye kikoromeo mbele ya watu wote, akasukuma kama tulivyojizoeza, akarudia, "Nimemfuata Chelangat." Nene, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mjomba akamgeukia msichana. "Na wewe? Unamjua huyu?"

Chelangat hakuinuka hata. "Namjua. Nilimkubali Juni. Wakati huo alikuwa na ile ya juu tu."

"Na haikukusumbua?"

"Niliyasikia maneno," akasema. "Yalikuwa mazuri."

Mjomba alitazama fimbo yake. "Sasa sisi tumekalia nini hapa?" akauliza, na chai ikaletwa.

Nilifika nyumbani jioni nikiwa natembea kama mtu aliyejenga daraja. Jirani yangu, bibi kizee tunayemwita Kogo Sarah, alikuwa amesimama kwenye ua lake, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa karibu, nilimsimulia yeye yote, tangu kadi mpaka chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akasema:

"Miezi minne umefundisha mtu mzima kukohoa, na msichana alikuwa amekubali tangu Juni. Ingia ukamue ng'ombe wako, Koske. Amelia tangu saa tisa, hata yeye sasa sauti imeisha."